Jani Lisiloweza Kusubiri: Chai kutoka Fujian hadi Njombe

Sahani za Kichina zilifika pwani yetu mamia ya miaka kabla ya chai ya Kichina. Kunduchi, nje kidogo ya Dar es Salaam, makaburi ya nguzo yalipambwa kwa bakuli za kaure zilizopachikwa kwenye chokaa. Kilwa, wachimbaji wa mambo ya kale wameokota vigae vya kaure hiyohiyo tabaka baada ya tabaka. Mwaka 1415, enzi za misafara ya amiri Zheng He, twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa China. Biashara ilikuwepo na vyombo vilikuwepo, lakini kinywaji ambacho wenye vyombo vile walikinywa asubuhi na jioni hakikutia nanga. Watu wa pwani walishika kahawa yao. Huku bara, katika baridi ya Ubena na Ukinga, wazee walikuwa na ulanzi uliogemwa kwenye mianzi msimu wa mvua, na pombe ya ulezi, na togwa ya watoto.

Chai ilipokuja hatimaye, haikuletwa na Wachina. Ililetwa na Wajerumani, ikakuzwa na Waingereza, na ikaja na namna moja tu ya kuitengeneza. Mti ulifika, lakini maarifa mengi ya wenye mti yalibaki kwao. Mtu akiuliza kwa nini mkulima wa Lupembe, huku Njombe, anauza jani bichi kwa bei asiyoipanga, na kwa nini huko Fujian mtu anaweza kuweka gunia la chai ghalani miaka saba na likazidi thamani, jibu limo katika historia hiyo.

Kwanza tuitazame chai yenyewe. Kaskazini mashariki mwa jimbo la Fujian iko Fuding, nchi ya milima ya Taimu na ukungu wa baharini. Huko unamea mchai wenye machipukizi manene yaliyofunikwa na vinyweleo vyeupe, na katika miaka ya 1880 wakulima walianza kuutumia kutengenezea chai nyeupe inayojulikana leo. Kazi yake ukiieleza ni fupi kuliko ya chai yoyote nyingine. Machipukizi na majani machanga huchumwa, hutandazwa kwenye nyungo za mianzi, huachwa yanyauke kwa siku mbili hadi tatu, kisha hukaushwa kwa joto dogo. Hayasagwi, hayasokotwi, hayakaangwi. Ugumu wote umo katika kunyausha. Hewa ikiwa nzito jani linakuwa jeusi na kunuka uvundo, jua likiwa kali linakufa kabla ya kupata harufu yake. Fundi hukesha akiligeuza na kulihamisha.

Chai hiyo ina daraja zake. Ya juu ni machipukizi matupu, wanayoyaita Sindano za Fedha. Ya chini ni majani yaliyokomaa pamoja na vijiti vyake, iitwayo Shou Mei, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa chai ya bei nafuu iliyopelekwa Hong Kong. Ajabu ni kwamba hiyo ya chini ndiyo inayozeeka vizuri zaidi. Ikikaa pakavu, mbali na mwanga na harufu, ukali wa ujana hupungua mwaka hadi mwaka, rangi ya maji hutoka njano ya majani makavu hadi kahawia nyekundu, na ladha hukaribia tende na mitishamba. Wenyewe husema ya mwaka mmoja ni chai, ya miaka mitatu ni dawa, ya miaka saba ni hazina. Hilo la dawa ni la kuchukuliwa kwa tahadhari, maana uzee wa jani hauwezi kuwa cheti cha hospitali. La hazina wafanyabiashara wamelithibitisha sokoni.

Kwenye chai hiyo iliyozeeka huchanganywa ganda kavu la chenza. Ganda hilo, chenpi kwa jina lao, lenye sifa kuliko yote hutoka Xinhui, katika jimbo la Guangdong. Chenza humenywa kwa ustadi ganda likabaki vipande vitatu vilivyoshikana kwenye kikonyo, huanikwa, hugeuzwa nje ndani, na huhifadhiwa angalau miaka mitatu kabla ya kustahili jina. Ganda la miaka ishirini huuzwa kwa bei inayomshangaza mgeni. Hali imefika mahali ambapo nyama ya tunda, ile tunayoila sisi, kwa miaka mingi ilikuwa takataka ya kutupwa pembeni mwa barabara, kwa kuwa fedha yote ilikuwa kwenye ganda. Vitu hivi viwili vilivyozeeshwa vikichemshwa pamoja kwenye birika, utamu mzito wa chai hukutana na uchungu mwepesi wa mafuta ya ganda, na birika moja huongezwa maji mara nyingi kabla ya kupoteza ladha. Kinywaji hiki ni kazi ya muda. Mwenye nacho hana haraka na mnunuzi.

Sasa turudi kwetu, tuone muda ulivyomfanya mkulima wa chai huku.

Mwaka 1895 wamisionari wa Berlin walifungua kituo Bulongwa, katikati ya milima ya Ukinga, katika wilaya iitwayo leo Makete. Wakinga waliowakuta hawakuwa watu waliojifungia. Walikuwa wafua chuma, na majembe yao yalivuka mabonde kwenda kubadilishwa kwa vyakula na mifugo. Njia zao ziliteremka Milima ya Livingstone hadi Ziwa Nyasa upande mmoja, na upande wa pili zikaenda Usangu na Ubena. Ng'ambo ya ziwa, katika nchi iliyokuja kuitwa Nyasaland, misheni ya Waskochi huko Blantyre ilikuwa imeshapanda michai katika bustani yake, na kutokana na miti hiyo mashamba ya Mulanje yalikuwa yameanza kuenea. Kwa hiyo Wajerumani wa Bulongwa walipokuwa wakijenga kanisa lao, chai ilikuwa tayari jirani.

Kwa upande wa Wajerumani mlango ulikuwa Amani, katika Usambara ya Mashariki. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilianzisha huko taasisi ya kibiolojia na kilimo, ya kwanza kuongozwa na Franz Stuhlmann, na ikaanza kujaribu mimea ya kila nchi ya joto: mkwinini, mpira, mikafuri, mitiki, na mchai ukiwa mmojawapo. Miaka miwili baadaye, 1904, michai ilipandwa Kyimbila, Rungwe, kwenye nchi ya misheni ya Wamoraviani. Kutoka Bulongwa hadi Rungwe ni mwendo wa kuvuka uwanda wa juu wa Kitulo na kuteremka upande wa pili. Hivyo ndivyo chai ilivyofika karibu na Ukinga, kupitia bustani ya misheni, bila mtu kuwaambia wenyeji kwamba jani hilo lina namna zaidi ya moja ya kutengenezwa.

Sababu ni kwamba walioleta mti walikuwa wakizifuata India na Ceylon. Huko Assam na Ceylon, Waingereza walikuwa wameshaigeuza chai kuwa bidhaa ya mashine: majani mengi, kiwanda kikubwa, mzigo wa meli, rangi nyeusi. Dunia ya wanywaji wa London ilitaka chai inayovumilia maziwa na sukari. Jambo hilo likaamua kila kitu kilichofuata.

Kabla mashamba hayajasimama, vita vilipita mara mbili. Mwaka 1905 Maji Maji ilifika Ubena, misheni ya Yakobi karibu na Njombe ikashambuliwa, na kisasi cha Wajerumani kikaleta njaa iliyokumbukwa kwa vizazi. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yakitokea Nyasaland yalipita Tukuyu na Njombe, nyuma yao wakiwa wapagazi waliochukuliwa vijijini kubeba mizigo ya vita visivyo vyao. Majaribio ya chai yalikaa hivyo hivyo hadi walowezi wa Kijerumani waliporuhusiwa kurudi mwaka 1925. Kilimo cha biashara kikaanza 1926, Mufindi ikawa kitovu kipya, na kufikia 1934 chai yote ya Tanganyika ilikuwa kama tani 20 tu. Wakati huohuo wakubwa wa chai duniani, India, Ceylon na visiwa vya Waholanzi, walikuwa wamefunga Mkataba wa Kimataifa wa Chai wa 1933 kuzuia bei isianguke, na makoloni ya Afrika Mashariki nayo yakawekewa mipaka ya upandaji mpya. Nchi yetu iliingia kwenye biashara hii ikiwa imefungwa mguu.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, mashamba ya Wajerumani yalitwaliwa kama mali ya adui. Baadaye mengi ya Mufindi yaliishia mikononi mwa Brooke Bond, kampuni ambayo Unilever iliinunua mwaka 1984.

Hapa Njombe inaingia katika historia, na inaingia kwa mabega ya watu wake. Serikali ya kikoloni iliihesabu Njombe kuwa wilaya ya kutoa vibarua. Wabena, Wakinga na Wapangwa hawakupewa reli wala zao la maana la kuuza. Walipewa kodi, na kodi iliwatoa nyumbani. Wengi walikwenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba, na walipokuwa kwenye mashamba ya Muheza milima ya Amani ilikuwa mbele ya macho yao. Wengine walikwenda karibu, Mufindi, kuchuma chai. Kijana wa Bulongwa angeweza kutembea siku kadhaa hadi shambani, akachuma kwa kipande, akarudi na blanketi na chumvi, na kiwanda alichokilisha asikijue kwa ndani.

Nacho kiwanda kilikuwa na sheria moja isiyo na huruma. Chai nyeusi huanza kufa mara jani linapokatwa. Majani mawili na chipukizi lazima yafike kiwandani siku ileile, yanyaushwe kwa feni, yasagwe au yasokotwe, yaachwe yachachuke, yaingie kwenye joto kali. Mwaka 1930 huko Assam, William McKercher aliunda mashine inayokata, kurarua na kukunja jani kwa mkupuo, na chai ya punje ndogondogo iliyotoka humo ilikolea rangi haraka. Mashine hiyo ikaja kutawala viwanda vya Afrika Mashariki. Inahitaji kilo nne na nusu hivi za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu, na inahitaji kulishwa bila kukoma. Jani likichelewa kwenye kituo cha kukusanyia, likapata joto ndani ya gunia, limeharibika, na aliyelichuma amepoteza siku yake. Anayemiliki kiwanda anamiliki saa. Mkulima hana uwezo wa kusema nitauza wiki ijayo.

Huo ndio msingi wa unyonge wa mkulima wa chai, nami nauona kuwa mkubwa kuliko bei, kuliko mbolea, na kuliko ugomvi wowote wa vyama vya ushirika. Mwenye mahindi anaweza kuyaweka darini. Mwenye kahawa anaweza kuikausha na kungoja. Mwenye jani bichi la chai anasimama kando ya barabara akisikiliza kama lori linakuja.

Njombe ilipopata mtaji wake mkubwa wa kwanza, haukuwa wa chai. Mwaka 1949 Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza lilianzisha kampuni ya miwati huko Kibena, TANWAT, kupanda miti ambayo magome yake hutoa tanini ya kusindika ngozi. Maelfu ya ekari za vilima vilivyokuwa vya malisho yakawa msitu. Chai ikaongezwa Kibena baadaye, na upande wa Luponde na Lupembe nako vilima vikawa kijani. Nataja miwati kwa makusudi. Watu wa Njombe wamejua kwa zaidi ya miaka 70 kwamba gome lililochunwa, likakaushwa na kutunzwa, linaweza kuuzwa ng'ambo. Hawakuhitaji Mchina awafundishe kwamba ganda ni mali.

Uhuru ulibadili nani anaruhusiwa kupanda. Wakulima wadogo waliingia kwenye chai kwa wingi katika miaka ya 1960, na mwaka 1968 serikali iliunda Mamlaka ya Chai kuwasimamia. Viwanda vilijengwa karibu na wakulima: Katumba na Mwakaleli kule Rungwe, Lupembe huku Njombe, Mponde kule Usambara. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na anayelidharau hajui shule ngapi za kata na mabati mangapi ya Lupembe yametokana na jani lile. Lakini saa haikubadilika. Barabara ya Lupembe wakati wa masika ilikuwa tope, lori likikwama majani yalioza, na mamlaka ya umma yenye deni haikumlipa mkulima mapema kuliko kampuni binafsi. Kiwanda kilibaki na kazi moja, chai nyeusi ya kupeleka mnadani Mombasa, ambako ilichanganywa na ya Kenya ili kujaza ujazo na rangi kwenye mifuko ya watu wengine.

Ni katika miaka hiyohiyo Wachina walikuja Makambako.

Mkataba wa reli ulitiwa saini Beijing mwaka 1967, na kazi ikaanza 1970. China ilitoa mkopo usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30, kwa reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kutoka Dar hadi Mlimba kazi ilikwenda mbio. Ilipofika kwenye ukuta wa nyanda za juu ikasimama kwa jasho. Kipande cha Mlimba hadi Makambako ni kilomita 157 tu, lakini ndani yake yamo mahandaki 18 kati ya 22 ya reli nzima. Vijana wa Kitanzania, wengi wao kutoka mikoa hii ya kusini, walichimba mwamba bega kwa bega na mafundi wa Kichina kwenye mvua na baridi ya milimani. Zaidi ya Wachina 60 walifia nchini mwetu na wamezikwa Gongo la Mboto. Watanzania na Wazambia waliofia kwenye njia ile walikuwa wengi zaidi, na wangestahili nao makaburi yanayotunzwa namna ile. Mwaka 1975 reli zilikutana, na Julai 1976 ikakabidhiwa kwa wenyewe. Makambako, iliyokuwa mahali pa kupita tu, ikawa mji: stesheni, barabara kuu ya Zambia, njia panda ya Songea.

Fikirieni basi hali ilivyokuwa. Maelfu ya watu kutoka nchi iliyozaa chai walipiga kambi saa chache kutoka vilima vya Lupembe na Mufindi. Walileta wahandisi, madaktari, mbegu za mboga za kulimia kambini, na bidhaa za kuuza madukani ili kulipia gharama za ndani za ujenzi. Mkataba ulizungumza mataruma na madaraja. Hakuna kifungu kilichomtuma fundi mmoja wa Fujian kupanda Lupembe na nyungo yake akaonyesha kinachoweza kufanyika jani likiachwa linyauke taratibu. Simlaumu mtu, reli ilikuwa ya ukombozi, Zambia ilikuwa imebanwa na Rhodesia, na nani angefikiria chai? Lakini nikiisoma historia ya Makambako, hapo ndipo naona mlango uliopitwa ukiwa wazi.

Miaka ya 1990 serikali ilijitoa. Kituo cha utafiti cha chai kikaundwa upya mwaka 1996, makao yake Ngwazi, Mufindi, na sheria ya 1997 ikavunja ile Mamlaka na kuunda Bodi ya Chai pamoja na wakala wa kuendeleza wakulima wadogo. Viwanda viliuzwa. Kwingine wakulima walipata hisa, kama Rungwe. Kwingine ulizuka mgogoro wa umiliki uliokula miaka, na kiwanda cha Lupembe kilikuwa miongoni mwa vilivyogombaniwa huku majani yakikomaa shambani yakawa magumu kama ya mti wa kivuli. Njombe ikawa mkoa unaojitegemea mwaka 2012, ikimegwa kutoka Iringa. Mwaka 2023 mnada wa chai ulifunguliwa Dar es Salaam, ili tusiendelee kuitegemea Mombasa peke yake. Ni hatua njema, lakini mnada huuza kilichokwisha kutengenezwa. Kenya hutoa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka, sisi hatujafika 40,000. Kushindana nayo kwa wingi wa chai nyeusi ya punje ni kushindana na mto kwa kopo.

Na Wakinga? Wale wafua chuma wa Bulongwa waligeuka kuwa wafanyabiashara ambao nchi nzima inawajua. Ukitembea Makambako, Njombe mjini, Mwanjelwa hadi Kariakoo, utawakuta nyuma ya meza za maduka ya jumla, wengi wakiwa walianza na mzigo wa kubeba kichwani. Kwa miaka zaidi ya ishirini sasa wafanyabiashara wa Kariakoo wamekuwa wakipanda ndege kwenda Guangzhou kufuata vitenge, viatu, vipuri na vyombo. Guangzhou ni mji mkuu wa Guangdong, jimbo lilelile lenye Xinhui ya maganda ya chenza. Mwenyeji anapomkaribisha mmoja wao kujadili bei, mezani pana birika dogo, na mara nyingi ndani ya birika ipo chai iliyozeeka. Mtoto wa milima ya chai anainywa, anafunga mkataba wa kontena, anarudi. Kontena linashuka Dar es Salaam likiwa na vikombe. Tumerudi kwenye biashara ya Kunduchi ya vyombo bila jani.

Mahitaji ya kubadili hali hiyo yote tunayo, tena karibu. Vilima vya Luponde viko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na chai ya baridi hukua polepole na kujaza harufu. Luponde imekwisha kujijengea jina kwa chai isiyotiwa kemikali. Msimu wa ukame wa nyanda za juu kusini, kuanzia Mei au Juni hadi Oktoba, huleta hewa kavu na usiku wa baridi kali. Kwa kiwanda cha chai nyeusi huo ni msimu wa njaa, kwa sababu majani ni machache. Kwa mnyaushaji wa chai nyeupe uchache si hasara, na hewa kavu ni msaada. Ng'ambo ya ziwa, shamba la Satemwa huko Thyolo, lililoanzishwa 1923, linatengeneza chai nyeupe za mkono zinazonunuliwa na maduka ya wajuzi Ulaya, mojawapo ikitokana na vijiti vya mchai ambavyo wengine huvitupa. Dar es Salaam, kampuni ya Kazi Yetu, iliyoanza 2018, inachanganya chai ya Tanzania na viungo na matunda makavu na kuipakia hapahapa nchini. Njia imekwisha kukanyagwa.

Na ganda lipo. Muheza, chini ya milima ya Amani ambako mchai wa kwanza wa nchi hii ulijaribiwa, ni wilaya ya machungwa. Malori hupakia hadi Kenya, na machenza ya msimu hujaa kando ya barabara. Maganda yote hayo hutupwa. Ganda la chungwa la Muheza halitakuwa na ladha ya chenza la Xinhui, na hatupaswi kuliita jina la watu. Litakuwa na ladha yake, na ni mafundi wetu watakaoonja waone lipi linakaa vizuri na jani la Njombe: chenza, danzi, au limau la bustanini.

Kuna mitego, nayo nitaitaja kwa uwazi. Chai hunyonya harufu, na nyumba nyingi za milimani hupika kwa kuni, hivyo ghala lazima liwe mbali na jiko. Ikihifadhiwa na unyevu itaota ukungu, na ukungu hauitwi uzee. Maganda ya machungwa yaliyopuliziwa dawa hayafai kuchemshwa, kwa hiyo mkulima wa Muheza naye lazima awemo kwenye makubaliano tangu mti ukitoa maua. Na asitokee wa kuuza chai hii kama tiba ya kisukari au shinikizo la damu. Nchi imejaa chupa za ahadi za namna hiyo, na Hospitali ya Bulongwa na nyinginezo huwapokea waliochelewa kwa sababu yake.

Chai hii haitafunga kiwanda wala kuchukua nafasi ya chai nyeusi, ambayo ndiyo tunayokunywa wenyewe kila asubuhi na viazi vya kuchemsha. Sehemu ndogo tu ya mavuno inatosha. Lakini sehemu hiyo ndogo ingempa mkulima kitu ambacho tangu Kyimbila ya 1904 hajawahi kupewa na zao hili, yaani haki ya kungoja. Jani lililonyaushwa kwenye nyungo yake halisubiri lori. Likikauka halisubiri mnada wa wiki hii. Bei ikiwa mbaya, linakaa.

Ombi langu ni kwa vyama vya wakulima wa Lupembe na Luponde, na kwa wafanyabiashara wa Kikinga ambao wamekwisha kuionja chai hiyo kwenye meza za Guangzhou. Msimu ujao wa ukame, chama kimoja kitenge majani ya wiki chache, kiyanyaushe, kiyakaushe, kiandike kwenye kila gunia kijiji, tarehe na jina la kundi, na kiyaweke ghalani pamoja na maganda safi kutoka Muheza. Mfanyabiashara mmoja amlete fundi wa Fuding kwa miezi mitatu, kama anavyoleta fundi wa mashine. Watafiti wa Ngwazi wapime unyevu na usalama wake kila mwaka, na Bodi ya Chai itoe kibali kwa makundi madogo bila kudai yawe na kiwanda cha mamilioni. Baada ya miaka mitatu magunia yafunguliwe Makambako, wanunuzi waitwe, na wakulima wenyewe wataje bei.